Kirikuu ya Mama Robert na ngozi ya injini

Saa moja asubuhi, kando ya ziwa pale Makoko, Musoma, Enoka Magesa ameinama na ndoo ya maji, anaosha gari ambalo hataki lionekane zuri.

Anausugua mlango wa kushoto mpaka unang'aa, kisha anasimama. Anarudi nyuma, anaupangusa mkono kwenye suruali, analitazama gari kwa muda mrefu.

"Nimeosha upande mmoja," anasema bila kucheka. "Huu wa pili sijui niuache, sijui niuoshe. Nikiuacha ni kosa, nikiuosha ni kosa."

Leo mchana gari linapelekwa Butiama kuonyeshwa mnunuzi. Likifika na matope, mwenye gari atasema halikutunzwa. Likifika linameta, mnunuzi atapandisha bei, na bei ikipanda Enoka hataiweza. Naye analitaka gari hilo kuliko mnunuzi yeyote, kwa kuwa ndilo linalomlisha yeye, mkewe na watoto wao watatu.

Mwishowe anachota ndoo nyingine na kuuosha upande wa pili. Anauosha kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Gari lenyewe ni kirikuu nyeupe, yale magari madogo ya mizigo ambayo Musoma nzima huyaita yanapohitajika kuhamisha kitanda, kubeba mchanga au kupeleka turubai msibani. Hili la Enoka hubeba samaki. Kwa miaka mitatu limekuwa likitoka Makoko na sangara waliolazwa kwenye barafu na magunia ya dagaa, likipeleka Butiama na Bunda, likirudi na mahindi, mkaa, au chochote kitakacholipia mafuta ya kurudia.

Si lake. Amelikodi. Na mkataba wa kulikodi unaisha mwezi huu.

Mwenye gari ni Bi Bhoke, mjane anayeishi nje kidogo ya mji wa Butiama, ambaye Enoka humwita Mama Robert kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Marehemu mumewe, Mzee Mniko, alikuwa mfugaji. Uzeeni, miguu ilipomkataa na malisho yakawa mbali, aliuza ng'ombe akanunua kirikuu. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Alichojua ni kumtafuta mtu wa kulitunza.

Akampata Enoka, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa kibarua, leo gari la huyu, kesho la yule. Walikuwa wakisali kanisa moja la Wasabato kila Enoka alipokuja Butiama kwa wazazi wake.

Makubaliano yalikuwa wazi. Enoka angeleta shilingi elfu sabini kila wiki. Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, gari lisingeguswa. Matengenezo madogo yangekuwa juu ya dereva, na likitokea kubwa angemwambia mwenye gari. Miaka mitatu ikitimia gari lingeuzwa, na wa kwanza kuulizwa angekuwa dereva. Akishindwa bei, linakwenda kwa mwingine.

"Mzee aliniambia, nakupa hili kama ng'ombe wa kunifugia," anakumbuka Enoka. "Nikasema sawa baba. Moyoni nikasema, gari si ng'ombe. Hapo ndipo nilipokosea."

Wasomaji wa mbali na Mara huenda hawaujui utaratibu huo. Mtu mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja au wawili amfugie. Mfugaji hunywa maziwa, hupata samadi, na siku ng'ombe anaporudi kwao hupewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, awe wa kuanzia boma lake. Lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Akiugua, mwenyewe huambiwa. Akifa, mwenyewe huletewa ngozi.

Enoka, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, alikua akiyaona hayo kwa baba yake. Hakuna aliyehitaji kumfundisha.

Ndiyo maana kuna jambo lililokuwa likimnyima usingizi kuliko hata bei.

Mwaka juzi, akitoka Bunda na mzigo wa mahindi, injini ilinoki. Alisikia mlio kama wa nyundo chini ya kiti, iliko injini, halafu kishindo, halafu moshi. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya fundi anayeitwa Kwangu, pale Bunda. Kwangu alichungulia mara moja tu akafunga kiti. Chuma cha ndani kilikuwa kimekatika na kutoboa ubavu wa injini. Haikuwa ya kutengenezwa tena.

Enoka alikopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha mkewe, akanunua kwa Kwangu injini ya mtumba kwa milioni moja na laki moja. Kwangu akaifunga. Gari likawaka. Enoka akaondoka akijiambia kwamba Jumapili atakwenda Butiama kumweleza Mzee Mniko yote.

Mzee Mniko alifariki Alhamisi ya wiki hiyo.

"Nilifika msibani na hilo neno mdomoni," anasema Enoka. "Nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka, hasemi, watu wanampa maji hanywi. Nikasema hapana. Mtu kafiwa na mume, mimi nimletee habari ya injini?"

Katika hilo hakuna wa kumlaumu. Mwanamke aliyefiwa juzi hasikii habari za chuma. Hata akiambiwa ataitikia tu, na kesho hatakumbuka aliitikia nini.

Lakini arobaini ilipita. Mvua zikaja, zikaenda. Kila wiki Enoka alipeleka hesabu, akanywa uji, akauliza afya, akaondoka na neno lake lilelile.

"Nilikuwaga najiambia, wiki ijayo," anasema. "Wiki ijayo nayo inafika, naona sasa imeshachelewa, ataniuliza kwa nini hukusema siku zote. Basi naogopa zaidi."

Mkewe, Happyness, anayeuza vitenge mtaani kwao Kigera, Musoma, anasema alimsihi mpaka akachoka. "Nilimwambia, baba Dotto, huyo mama si simba. Mwambie. Akanijibu nitamwambia. Mpaka nikaacha kuuliza, nikawa namwombea tu. Unaona mtu anakula huku anaangalia ukuta, unajua huyu chakula hakisikii."

Wakati huohuo walikuwa wakiweka akiba. Happyness aliuza mbuzi waliokuwa kwa mama yake, Enoka akaacha soda na akaacha kununua viatu. Mkataba ulipokaribia kuisha walikuwa na milioni tatu na laki mbili. Walidhani, kwa gari lililotembea kiasi hicho, wangekuwa karibu na bei.

Hawakuwa karibu. Robert, mtoto wa kwanza wa Bi Bhoke, anayefanya kazi ya ofisi Bunda, alikuwa amepata mnunuzi wa milioni sita.

Robert si mtu mbaya, na Enoka mwenyewe ni wa kwanza kusema hivyo. Nyumba ambayo baba yake aliianza imesimama kuta tupu tangu msiba, na mama yake anaishi kwenye ile ya zamani inayovuja. Milioni sita zingeezeka nyumba mpya na kubakiza za mlango. Mtoto yeyote mwenye akili angeitafuta bei ya juu.

Mchana wa siku hiyo, Jumatatu, kirikuu ikiwa imeoshwa pande zote mbili, Enoka aliingia uani kwa Bi Bhoke. Mnunuzi, Baltazar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunda, alikuwa ameshafika pamoja na Robert na fundi wake. Walilizunguka gari. Walipiga bodi kwa vidole, wakalala chini kutazama fremu, wakafungua na kufunga milango. Baltazar alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Injini ya kirikuu hukaa chini ya kiti. Fundi alikiinua kiti, akawasha tochi ya simu, akapangusa vumbi kwa kidole, akaanza kusoma namba kwa sauti. Baltazar alikuwa ameshika kadi ya gari, akifuatisha.

Herufi za mwanzo zilikubaliana. Namba ya kwanza haikukubaliana.

"Soma tena," Baltazar alisema.

Fundi akasoma tena. Baltazar akampa Robert ile kadi.

"Enoka," Robert aliuliza taratibu, "hii injini ni ya nani?"

Enoka anasema hakumbuki vizuri alijibu nini. Alieleza habari ya mlio wa nyundo, ya Kwangu, ya msiba, zote kwa mara moja, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwongo. Robert alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kuwa yeye anaona jambo moja tu. Injini nzuri ya baba yake iliuzwa, ikawekwa ya mtumba, na aliyeuza ni mtu aliyekuwa akija kila wiki kunywa uji kwa mama yake.

Baltazar alisema kwamba yeye haingilii mambo ya familia, wakimaliza wampigie simu. Akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta.

Muda wote huo Bi Bhoke alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo wa maharage mapajani, akichagua. Hakuwa ameinua kichwa. Sasa aliuweka ungo chini.

"Mura," alimwita Enoka, kama wazee wa huko wanavyomwita kijana wa kiume hata akiwa na mvi. "Unasema ng'ombe wangu alifia kwako."

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe hufa. Sina ugomvi. Ngozi iko wapi?"

Robert alijaribu kumwambia mama yake kuwa hapa wanazungumzia gari. Bi Bhoke hakumgeukia. Alisema kwamba mumewe alimpa Enoka lile gari kwa masharti ya ng'ombe, naye alikuwepo akisikia, akiwa amebeba birika la chai. Anayefuga mali ya mwenzake ikamfia huleta ngozi ionekane. Asipoleta, ng'ombe hakufa, ameuzwa.

"Ijumaa, kabla Sabato haijaingia," alisema. "Ukija na ngozi tutaongea bei. Ukija mikono mitupu, huyo bwana aliye ukutani atachukua gari, na wewe usinipitie tena hapa."

Robert alitaka funguo zibaki. Mama yake akamjibu kwamba mtu ambaye hakukimbia kwa miaka mitatu hawezi kukimbia kwa siku nne. Akauchukua ungo wake.

Enoka aliondoka na gari. Ile injini ya zamani aliiacha kwa Kwangu, akakatiwa kidogo kwenye gharama ya ufundi. Hakuwahi kuiulizia tena. Kwa kadiri alivyojua, ingeweza kuwa imeshayeyushwa kwenye tanuru la nondo katika mji asioujua.

Kesho yake, baada ya kushusha samaki, alikwenda Bunda. Kwangu alimkaribisha kwa kicheko, na aliposikia shida yenyewe akazidi kucheka.

"Ile bloku?" alisema. "Kaka, ile sasa hivi inavua samaki kuliko wewe unavyowabeba."

Vyuma vya maana vya ile injini Kwangu alikwisha kuviuza kimoja kimoja. Ule mwili wake, ile bloku nzito yenye tundu ubavuni, aliikuta inamjazia gereji, akampa shemeji yake wa Guta, kijiji cha wavuvi kilicho kando ya ziwa upande huo wa Bunda. Shemeji aliifunga kamba kwenye lilelile tundu akaifanya nanga ya mtumbwi.

Enoka hakujua acheke au alie. Ngozi ya ng'ombe wa Mzee Mniko ilikuwa chini ya maji.

Alifika Guta Jumatano mchana. Mtumbwi haukuwepo. Alikaa na akina mama waliokuwa wakianika dagaa, akijibu maswali yao, akitazama ziwa. Simu za wateja wa Musoma zilikuwa zikiita, mmoja ana barafu inayoyeyuka, mwingine ana mzigo wa Butiama, naye akawa anaomba radhi. Mmoja wa wale akina mama alimuuliza kama anasubiri mke aliyetoroka na mvuvi. Enoka akamjibu kuwa mke angekuwa nafuu.

Mtumbwi uliporudi, shemeji yake Kwangu alimsikiliza huku akishusha nyavu, kisha akamwambia kuwa nanga haiuzwi. Aliyeuza nanga yake amejiuza mwenyewe kwa upepo.

"Na wewe dereva," alimtania, watu wakaangua kicheko, "nanga unaipeleka wapi? Unataka uifunge kwenye gari lisikukimbie?"

"Ndiyo hivyo hasa," Enoka alimjibu. Wanaosimulia wanasema kwa namna alivyolisema lile neno, kicheko kilikatika.

Akamweleza yule mvuvi habari yote, ya mzee, ya mama, ya ngozi. Mvuvi naye ni mtoto wa wafugaji. Akakuna ndevu, akauliza kama kuna chuma kingine kizito. Enoka alifungua nyuma ya kirikuu akatoa ringi mbili za zamani za magurudumu alizokuwa akitembea nazo na kamba mpya ya kufungia mizigo. Mvuvi akazipima kwa mikono. Akasema mama wa watu asisubirishwe, akachukua kisu akakata kamba ya ile bloku.

Lakini maji hayana huruma na chuma. Pale ilipochongwa namba palikuwa pamevimba kutu. Enoka alirudi nayo kwa Kwangu, na Alhamisi nzima wawili hao walikaa na mafuta ya taa na msasa, wakisugua polepole wasije wakazifuta namba zenyewe pamoja na kutu. Zilitokea moja moja, nyembamba kama mikwaruzo ya paka. Mbili za mwisho hazikutokea. Kutu ilikuwa imezila.

"Nilimuuliza Kwangu, hizi mbili tuzichonge tu, si tunazijua?" anasimulia Enoka. "Akaniangalia. Sikurudia. Nikamwomba Mungu anisamehe hata kwa kuwaza. Nilikwisha ficha mara moja, nikaona nikiongeza la pili nimekwisha kabisa."

Ijumaa, jua likiwa bado juu, aliishusha bloku uani kwa Bi Bhoke juu ya gunia. Robert alikuwa ameomba ruhusa kazini akaja na kadi. Baltazar hakuja, lakini alikuwa amepiga simu asubuhi kuuliza.

Robert alichuchumaa, akasoma namba moja moja, akilinganisha. Alifika mwisho akasimama.

"Zinaendana," alisema. "Ila mbili za mwisho sizioni."

Enoka akamweleza kuwa hizo zililiwa na kutu.

Bi Bhoke alinyanyuka kwenye kigoda chake kwa shida, magoti yanamsumbua siku hizi, akaja akainama. Namba hakuzitazama. Alipitisha mkono juu ya chuma kile kibaya, chenye kutu na magugu ya ziwani yaliyokauka, mpaka vidole vyake vikaingia kwenye tundu la ubavuni.

"Hapa ndipo alipofia?"

"Hapo, mama."

"Wiki ile ya mzee."

"Wiki ileile."

Akakaa na mkono wake mle ndani ya tundu. Halafu akasema kwamba ng'ombe wa mzee kumbe alitangulia kwa siku mbili, na mzee angeambiwa angecheka. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na Robert akatazama pembeni.

Baada ya hapo sauti yake ilibadilika, ikawa sauti ya mnadani.

"Hii ndiyo injini yangu," alisema. "Imerudi. Sasa ile iliyo chini ya kiti ni ya nani?"

Robert alianza kueleza kwamba gari ni kitu kimoja. "Mama, gari haligawanywi kama nyama."

"Basi mpigie Baltazar umuulize kama anataka bodi tupu," mama alimjibu. "Injini ni mtamba wa Enoka. Alimtoa mfukoni mwake. Siwezi kumuuza mtamba wa mtu."

Robert alibaki ameshika simu. Kisha, wote wawili wanakiri, akacheka, kicheko cha mtu aliyejaribu kubishana na huyo mama tangu utotoni.

Bei ikapatikana hapohapo. Ile milioni sita ya Baltazar, ikatolewa thamani ya injini. Milioni nne na laki tisa. Nusu yake na zaidi Enoka anayo. Iliyobaki anatakiwa kuileta kabla ya mwezi wa nane kwisha, na siku hiyo tu ndipo kadi itakapobadilishwa jina. Akishindwa, atarudishiwa alichotoa na thamani ya injini yake, na gari litakwenda Bunda.

Lakini Bi Bhoke hakuwa amemaliza. Alisema injini imesamehewa, kuficha hakujasamehewa. Mtu aliyemnywea uji wake wiki baada ya wiki huku anamficha lazima alipe faini.

"Bati za nyumba ya mzee ziko Bunda," alisema. "Utazibeba wewe. Na mbao. Na saruji. Mpaka fundi aseme imetosha. Na mafuta ni yako."

Enoka alikubali kabla mama hajamaliza kusema. Robert, anayejua idadi ya bati zenyewe, alimwambia asubiri kwanza ahesabiwe ndipo akubali. Enoka akasema atakubali tu.

Kisha likaja la mwisho, ambalo Enoka hakulitegemea. Alipokwenda kuwasha gari, Bi Bhoke alimzuia. Mnyama aliyeuzwa, alisema, hatoki barabarani kwenda kwa mwenyewe mpya. Hulala kwao, akaamkia kwao, akaondokea kwao. Gari libaki mpaka Jumatatu. Jumatatu aje na hizo milioni tatu na laki mbili, na alichukue kwa mkono wa mwenyewe.

Na Jumatatu hiyohiyo kuna jambo jingine. Kabla ya yote gari linatakiwa likaguliwe Musoma, injini mpya iandikwe kihalali. Kwangu ameandika barua ya mauzo ya ile injini, lakini aliyemuuzia yeye hapatikani kwenye simu. Wakaguzi wakikataa, hakuna cha kuuziana, na maneno yote ya uani hayatakuwa na kazi. Robert amesema watakwenda pamoja. Enoka anaamini, ila anaogopa. Hajawahi kuingia ofisi ile akatoka na furaha.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo alirudi Musoma bila gari, kwa mara ya kwanza tangu alikabidhiwe. Happyness anasema alimsikia akifungua mlango akafikiri ni mgeni, kwa kuwa hakukuwa na mlio wa injini uliotangulia.

Siku ya Sabato familia ilitembea kwa miguu kwenda kanisani, watoto mbele, baba nyuma. Walimu wa shule ya Sabato walimuuliza kulikoni, akasema gari liko kwao. Mahubiri, anakiri, hayakumwingia. Aliomba ombi moja tu, na hakuliomba kwa maneno mengi.

Alasiri akiwa amekaa uani Kigera, simu iliita. Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Robert.

Enoka hakuipokea. Aliitazama ikiita mpaka ikakatika. Alikwisha jua kitakachosemwa. Baltazar ameongeza bei, au mama amebadili mawazo, au wakaguzi wamesema hapana, ingawa ni Sabato na ofisi zimefungwa. Hofu haiulizi kalenda. Simu ikaita tena, na Happyness akaichukua mapajani mwa mumewe akaipokea yeye.

Alisikiliza. Uso wake haukuonyesha chochote. Kisha akaiziba simu kwa kiganja.

"Ni mama," alisema. "Anasema mawingu yamekusanyika Butiama. Anauliza gari hufunikwaga au hunyeshewa tu."

Enoka alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yalikuwa yakitikisika, na mpaka leo mkewe hana hakika kama alikuwa akicheka.

"Mwambie hunyeshewa tu," alisema hatimaye. "Ila avute vioo juu. Kile cha kushoto kigumu, akisukume kwa chini."

Siku simulizi hii inaandikwa ni Jumapili. Fedha ziko ndani ya Biblia ya Happyness, zimefungwa kwa leso. Enoka amekwisha kuongea na wateja wawili wa dagaa wa Bunda kuhusu safari za ziada ili kuifikia ile milioni moja na laki saba iliyobaki, na amepanga kila anaporudi atoke na bati za Bi Bhoke, ili mzigo mmoja umlipe na mwingine umtoe kwenye faini. Mpango huo unahitaji gari lisiharibike hata mara moja mpaka mwezi wa nane, na Enoka anajua magari.

Aliulizwa atafanya nini siku kadi itakapoandikwa jina lake.

"Kwanza liende kule lilale tena usiku mmoja," alisema. "Mama alione likiwa la kwangu. Halafu siku likiharibika, kokote litakapoharibikia, kabla sijamwita fundi nitampigia yeye. Hata kama halimhusu tena."

Kisha akauliza saa ngapi ofisi za ukaguzi hufunguliwa Jumatatu. Akaambiwa. Akauliza tena.